Ni Kitu Gani Kinachotetema? Mwongozo wa Kufundisha Sauti kwa Vifaa vya Karibu

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sayansi katika sekondari msingi, hasa wa huku kwetu Nyanza na Magharibi mwa Kenya, mwenye wanafunzi sitini darasani na maabara ambayo ni kabati moja lenye kufuli. Mada ya sauti haihitaji kabati hilo. Vifaa vyake viko jikoni, kwa seremala, kwa wavuvi wa ufuo wa Dunga, Kisumu, na katika chumba ambamo shule huweka ngoma za tamasha la muziki.

Kinachohitajika zaidi ni swali moja. Liandike juu kabisa ya ubao siku ya kwanza na usilifute mpaka mada iishe: Ni kitu gani kinachotetema? Wanafunzi wengi hukariri kwamba sauti hutokana na mitetemo, wakapata alama zao, na hapo ndipo elimu yao ya sauti inapokwama. Anayeelewa ni yule anayeweza kunyoosha kidole na kusema: ni hiki hapa, kinakwenda na kurudi hivi, na ukikizuia sauti inakufa. Hatua zote zilizo hapa chini zinamwelekeza huko. Vipindi vinne vya dakika 40 vinatosha. Kama darasa lako hupenda kubishana, tenga vitano.

Kabla ya kuanza

Waagize wanafunzi siku mbili mapema, kila kikundi cha watu sita kilete: rula ya plastiki ya sentimita 30, makopo mawili matupu yaliyotolewa kifuniko, puto moja, punje chache za mchele au sukari, penseli tatu na kijiko cha chuma. Wewe tafuta nailoni ya kuvulia samaki, nene na nyembamba, ubao wa urefu wa mita moja, msumari, debe tupu, chupa nne za soda za kioo zinazolingana, chupa ya maji ya nusu lita na nyingine ya lita 2. Kingo za makopo zikunjwe au zipigwe nyundo mapema. Kopo lililofunguliwa kwa kisu hukata vidole.

Kubaliana na darasa mapema kuhusu maneno, maana hapa ndipo wengi hupotea. Sauti inaweza kuwa kubwa au ndogo: hiyo ni nguvu yake. Inaweza pia kuwa nyembamba au nene: hiyo ni kasi ya mtetemo. Usiruhusu mtu aseme "sauti ya juu" darasani mpaka mada iishe, kwa sababu mmoja atakuwa anamaanisha kelele na mwingine anamaanisha sauti ya mtoto mchanga.

Hatua ya 1: Koo

Waweke vidole kooni na waimbe "mmmm" midomo ikiwa imefungwa. Vidole vitahisi mtetemo. Kisha watamke "zzzz" na "ssss" kwa kupokezana bila kusimama. Kwenye z koo linatetema. Kwenye s koo linatulia kabisa, lakini sauti ipo.

Uliza swali la ubaoni. Watanyamaza, kwa sababu dakika moja iliyopita walikuwa wamekwisha kuamini kwamba sauti ya mtu hutoka kooni basi. Usiwape jibu haraka. Waache waweke kiganja mbele ya mdomo wagundue hewa inayopita kwa nguvu kati ya meno. Hewa yenyewe ndiyo inayotetema. Waandike hilo daftarini, watalihitaji tena kwenye chupa.

Kama una mwanafunzi asiyesikia vizuri, hatua hii ni yake kama ilivyo ya wenzake. Mpe puto lililojazwa hewa alishike kwa viganja viwili karibu na redio au ngoma. Atahisi mtetemo ule ule ambao wengine wanausikia kwa masikio, na mara nyingi yeye ndiye atakayeueleza vizuri zaidi. Mpe nafasi ya kwanza ya kujibu.

Hatua ya 2: Rula

Bana rula ukingoni mwa dawati, sentimita 25 zikining'inia nje, ukandamize kwa kiganja kizima ili isigongegonge mbao. Rula ikigonga mbao, wanafunzi watasikia dawati badala ya rula. Inamishe ncha uiachie. Inakwenda na kurudi, macho yanaiona, masikio hayasikii kitu. Sasa ivute ndani kidogo kidogo, ukiiachia kila mara. Ikibaki kama sentimita 10 inaanza kunguruma. Ikibaki 5 inatoa sauti nyembamba, na macho hayawezi tena kufuata ncha yake.

Hapa ndipo pa kutaja namba. Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia takriban 20 kwa sekunde hadi 20,000 kwa sekunde. Idadi ya mitetemo kwa sekunde hupimwa kwa hezi (Hz). Rula ndefu ilikuwa chini ya 20, ndiyo maana tuliiona bila kuisikia. Popo wanaowinda wadudu jioni hupiga mayowe juu ya 20,000, ndiyo maana hatuyasikii mengi yao. Sauti nyembamba ni mitetemo mingi kwa sekunde, sauti nene ni michache.

Kabla hujaondoka hapo, acha rula katika urefu mmoja, kisha iinamishe kidogo na baadaye sana. Sauti inakuwa kubwa zaidi, lakini unene wake haubadiliki. Wanafunzi wengi huingia darasani wakiamini kwamba kupiga kwa nguvu hufanya sauti iwe nyembamba. Wape nafasi ya kujaribu wenyewe mara kadhaa mpaka imani hiyo iondoke.

Hatua ya 3: Sauti ikiwa njiani

Kata puto, livute juu ya kopo mpaka likaze kama ngozi ya ngoma, mwagia punje chache za mchele. Mwanafunzi aimbe "uuuu" karibu nalo. Punje zitaruka.

Mwanafunzi makini atapinga: ni pumzi yake iliyozirusha. Msifu, kisha mwambie atafute njia ya kuondoa pumzi. Njia rahisi ni kupiga sinia au sufuria kwa kijiko karibu na kopo, mtu akiwa ameelekea pembeni. Punje zinaruka tena, na hakuna aliyepuliza. Sinia limeisukuma hewa, hewa imeisukuma hewa iliyo jirani, hivyo hivyo mpaka kwenye mpira. Sisitiza kwamba hewa iliyoguswa na sinia haikusafiri hadi kwenye kopo. Ilisogea kidogo ikarudi. Kilichosafiri ni msukumo.

Waeleze pia kuhusu Robert Boyle, mwanasayansi aliyefanya kazi Uingereza, ambaye mwaka 1660 alichapisha habari za jaribio lake: alining'iniza saa kwa uzi ndani ya chombo cha kioo, akaanza kuiondoa hewa kwa pampu. Kadiri hewa ilivyopungua, ndivyo mlio wa saa ulivyofifia. Pasipo na kitu cha kusukumwa, hakuna sauti.

Makopo yaliyobaki yatoboe chini, unganisha mawili kwa uzi wa mita kumi, upate simu ya makopo. Watoto wengi wameicheza tayari, kwa hiyo usikae hapo. Ifanye kazi moja tu: wakiwa wanazungumza, mtu wa tatu abane uzi katikati kwa vidole. Mazungumzo yanakatika. Uliza swali la ubaoni, usonge mbele.

Hatua ya 4: Uzi mmoja, kisha nyatiti

Pigilia msumari upande mmoja wa ubao, funga nailoni, ipitishe juu ya penseli mbili zilizolazwa sentimita 60 mbali mbali, ncha nyingine ishuke nje ya dawati na uning'inize chupa ya nusu lita iliyojaa maji. Ubao uukalishe juu ya debe lililopinduliwa. Wanafunzi wasiweke uso karibu na nailoni. Ikikatika huchapa.

Donoa uzi katikati ya penseli hizo. Sikilizeni. Kisha sogeza penseli ya pili mpaka umbali uwe sentimita 30. Sauti inapanda, lakini sikio linaitambua kama ndugu ya ile ya kwanza, kama vile mwanamume na mtoto wanapoimba wimbo mmoja pamoja. Urefu umekuwa nusu, mitetemo kwa sekunde imekuwa mara mbili.

Rudisha penseli kwenye 60. Ondoa chupa ya nusu lita, ning'iniza ya lita 2. Uzito umekuwa mara nne, na sauti inayotoka ni ile ile mliyoipata kwa kufupisha uzi nusu. Ili mitetemo iwe mara mbili, mvuto lazima uwe mara nne. Jaribio hili dogo la chupa mbili za maji ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mwanafunzi anafikia uhusiano wa namba kwa sikio lake kabla hajaona fomula yoyote. Wale wa hesabu waachie wapime kwa chupa za ukubwa mwingine.

Mwisho, badilisha nailoni nyembamba uweke nene, mvuto ukiwa ule ule. Sauti inanenepa. Kisha liondoe debe. Unene wa sauti haubadiliki, ila sauti inadhoofika. Uzi ni mwembamba mno kusukuma hewa nyingi peke yake, unahitaji kitu kipana kitetemeke pamoja nao.

Sasa leta nyatiti. Ina nyuzi nane, siku hizi za nailoni ya kuvulia, na kwenye kisanduku chake cha mbao kilichofunikwa ngozi ya ng'ombe wataliona lile debe lenu. Kama kuna mzee mpigaji karibu na shule, mwalike, umwandalie nauli na chai, na umheshimu kama mtaalamu aliyekuja kufundisha. Video haitoshi hapa. Mpigaji huvaa pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye mti wa nyatiti, na kengele za gara zikilia mguuni. Wanafunzi wahesabu ni vitu vingapi vinavyotetema kwa wakati mmoja: nyuzi, ngozi, mbao, chuma, hewa ya ndani ya kisanduku, na koo la mwimbaji. Wamwulize mzee anapokaza uzi anafanya nini, na kwa nini nyuzi zake si za unene mmoja. Atawajibu kwa maneno yake, nao watayaunganisha na chupa za maji.

Shule ya Bungoma itumie litungu la Wabukusu, na ya Kisii obokano, mambo ni yale yale. Orutu yenye uzi mmoja ni tofauti kidogo: upinde unanasa uzi, unauvuta, uzi unachomoka, unanaswa tena, mara nyingi sana kwa sekunde. Bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta hulia kwa njia hiyo hiyo.

Ngoma zitachukua dakika kumi. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, hupigwa kwa ngoma tatu: ya baba, ya mama na ya mtoto. Waache watabiri ipi ni nene na kwa nini. Swali zuri zaidi ni hili: kwa nini wapigaji huianika ngoma juani au karibu na moto kabla ya kupiga? Joto linakausha unyevu, ngozi inakaza, na ngozi iliyokaza hutetema haraka. Ni chupa ya lita 2 tena.

Hatua ya 5: Chupa zinazopingana

Kwa hatua hii tenga kipindi kizima. Panga chupa nne za soda juu ya kitambaa kilichokunjwa: moja tupu, moja robo maji, moja nusu, moja robo tatu. Usiguse kitu. Waulize: tukigonga kwa kijiko, ipi itatoa sauti nyembamba kuliko zote? Wapige kura kwa mikono, uandike hesabu ubaoni. Kisha gonga polepole, ubavuni.

Chupa tupu ndiyo nyembamba. Maji yakiongezeka, sauti inanenepa. Waliopata watashangilia.

Sasa waulize swali lile lile, ila safari hii tutapuliza juu ya mdomo wa chupa, mdomo wa chini ukigusa ukingo. Karibu wote watasema matokeo yatakuwa yale yale. Puliza. Imekuwa kinyume kabisa: chupa tupu ndiyo nene, na yenye maji mengi ndiyo nyembamba. Chupa ni zile zile, maji ni yale yale.

Nyamaza. Hili ndilo jambo gumu kwa mwalimu, kwa sababu muda unakwenda na jibu unalo mdomoni. Waelekeze tu kwa kidole kwenye swali la ubaoni, uwape dakika tano wajadiliane kwa vikundi. Atatokea mmoja atakayesema kwamba labda kinachotetema si kitu kimoja. Akisema hivyo, usimthibitishie. Mwulize: utatuonyeshaje?

Kama hawapati jaribio, wape hili. Mmoja apulize huku mwenzake akiishika chupa kwa kiganja kizima. Sauti inaendelea vile vile. Kisha chupa ishikwe hivyo hivyo igongwe kwa kijiko. Sauti inakufa, inabaki "tk". Mkono unazuia kioo kutetema, lakini hauwezi kuizuia hewa ya ndani.

Basi maelezo yote yamo hapo. Ukigonga, kinachotetema ni kioo pamoja na maji yanayokigusa. Maji ni mzigo, na kioo chenye mzigo hukwenda na kurudi polepole zaidi. Ukipuliza, kinachotetema ni hewa iliyo juu ya maji. Maji yakipanda, hewa inabaki kidogo, na hewa kidogo hutetema haraka. Warudishe kwenye "ssss" waliyoiandika siku ya kwanza.

Kama kazi ya nyumbani wakate mabua ya majani ya mpapai, ambayo yana uwazi ndani, kwa urefu wa sentimita 10, 15 na 20. Wazibe upande mmoja kwa kidole wapulize juu ya upande wa pili. La sentimita 10 litatoa mitetemo karibu mara mbili ya lile la 20. Utomvu wa mpapai huwasha ngozi na midomo, kwa hiyo mabua yaoshwe vizuri na kukaushwa kwanza.

Hatua ya 6: Sauti huchukua muda

Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Mchana wa Kisumu wenye nyuzi 30 huwa kama mita 349. Tafuteni barabara iliyonyooka karibu na shule, mpime mita 340 kwa kamba ya mita 10, na muweke mtu wa kuangalia bodaboda kila upande. Mwanafunzi mmoja asimame mbali na agonganishe mbao mbili juu ya kichwa. Darasa litaona mbao zikikutana, kisha kama sekunde moja baadaye lisikie mlio. Kama hamna nafasi hiyo, urefu wa uwanja wa mpira hutoa takriban theluthi ya sekunde, nayo mtu makini huiona.

Mwenye simu mbili anaweza kupata namba yenyewe. Kuna programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha Aachen, Ujerumani, yenye saa inayoanza na kusimama kwa makofi. Weka simu mita 5 mbali. Kofi la kwanza lipigwe kando ya simu ya kwanza, la pili kando ya simu ya pili. Toa muda mdogo kutoka kwa mkubwa, kisha gawa mita 10 (5 za kwenda na 5 za kurudi) kwa tofauti hiyo. Tofauti itakuwa karibu sekunde 0.029. Rudieni mara nyingi mchukue wastani.

Ngurumo ni jaribio ambalo huku kwetu huja lenyewe, hasa alasiri za msimu wa mvua. Kutoka umeme unapomulika mpaka ngurumo isikike, kila sekunde 3 ni karibu kilomita moja. Hili lifanywe darasani, madirisha yakiwa yamefungwa, kamwe si uwanjani wala chini ya mti. Wafundishe na kanuni ya usalama: ikiwa kati ya mmuliko na ngurumo ni chini ya sekunde 30, kila mtu awe ndani ya jengo, na asitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Radi huua watu huku kila mwaka, na namba hizi mbili zinastahili kufika nyumbani kwa kila mwanafunzi.

Hatua ya 7: Kupima walichoelewa

Usiwaulize "sauti ni nini". Waandikie vitu sita: mbu sikioni, filimbi ya refa, bawaba ya mlango, isukuti, chupa inayopulizwa na ngurumo. Kwa kila kimoja wajibu mambo mawili: ni kitu gani kinachotetema, na ukitaka sauti hiyo iwe nene zaidi utabadilisha nini. Ngurumo peke yake iachiwe swali la kwanza tu.

Kwa mbu, jibu ni mabawa, yanayopiga mara mamia kadhaa kwa sekunde. Atakayeandika mdomo apewe nafasi ya kufikiri upya, si sufuri. Kwa filimbi, ni hewa inayopasuliwa na ukingo wa tundu. Ile gololi ndogo ya ndani hukatizakatiza tu mlio. Anayeitaja gololi kama chanzo, mwulize mbona filimbi zisizo na gololi hulia. Ngurumo ndiyo itakayokutenganishia waliokariri na waliofikiri. Hakuna ngozi, uzi wala kioo huko juu: umeme huipasha hewa ghafla mpaka takriban nyuzi 30,000, hewa inatanuka kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho tunachosikia. Mwanafunzi akiandika "hewa" na akaeleza ni nini kilichoisukuma, mpe alama zote, hata kama hajaandika neno mtetemo popote.